Shahidi wa Kuelewa

Ofisini walimwita Bwana Kadi, na wala hawakumficha. Hata simu ikilia mapokezi, mpokeaji alisema, "Subiri nikuunganishe na Bwana Kadi," kana kwamba ndilo jina aliloandikishwa shuleni. Alikuwa katibu wa kamati ya istilahi. Watu wa fani fulani wakikosa maneno ya Kiswahili ya kufundishia, yeye ndiye aliyewatafutia, akayapima, akayaandika na kuyapeleka kwa mpiga chapa. Alikwisha kufanya maneno ya ufugaji wa nyuki, ya bima, ya ufundi bomba na ya magonjwa ya meno. Miaka thelathini na mmoja katika ofisi ile ile ya ghorofa ya pili, na dirisha lake likitazama ukuta wa jengo la jirani. Mtu mwingine angeshakuwa chizi. Yeye alinenepa.

Kadi zenyewe zilikuwa nyeupe, ngumu, za kuenea kiganjani, na kila moja ilikuwa na mistari minne. Mstari wa kwanza ni neno. Wa pili ni kitu hicho kinafanya nini, kwa maneno ambayo hata muuza duka angeyaelewa. Wa tatu ni nani amelitoa. Wa nne ndio uliowatoa jasho wataalamu: shahidi wa kuelewa. Kadi haikupita mpaka mtu mmoja asiye wa fani hiyo aelezwe jambo lenyewe, naye alieleze upya kwa mdomo wake, ndipo atie sahihi. Kuna maprofesa waliotoka mle chumbani wamenuna kwa sababu dereva wa ofisi hakuwaelewa. Na kanuni moja haikuwa na mjadala: anayeijaza kadi hawezi kuwa shahidi wake mwenyewe.

Kadi zilizoshindikana ofisini alizitia mfukoni akazipeleka nyumbani, akamsomea mkewe jikoni. Mkewe alikuwa karani wa posta, mwanamke mwembamba asiye na subira na maneno makubwa. "Sijaelewa, Bwana Kadi," alikuwa akimwambia huku anamenya vitunguu. "Anza tena, na safari hii zungumza kama mtu." Akielewa alifuta mikono, akatia sahihi. Nusu ya maneno ya bima yalipita pale jikoni.

Mkewe huyo alifariki miezi minne kabla ya haya ninayosimulia, na ni lazima niseme ilivyokuwa.

Daktari alimwita Bwana Kadi kwenye korido ya hospitali, akamwambia kwa upole kwamba kuanzia sasa ni tiba shufaa tu. Akamfafanulia kwamba dawa za kuponya zimefika mwisho, kilichobaki ni kumtuliza mgonjwa maumivu, na siku zenyewe huenda zisifike kumi. Bwana Kadi alikuwa amelitafuta neno hilo wiki nzima kwa ajili ya orodha ya maneno ya utabibu. Akatoa kadi, akaandika pale pale amesimama. Halafu akarudi wodini, akakaa na mkewe kidogo, akaenda stendi na kupanda basi kwenda mji mwingine, kwenye warsha ya siku tano ya hayo hayo maneno ya utabibu. Akiwa ndani ya basi, binti yake alimpigia. Huyo ni mtoto wao wa pekee, mtafiti katika chuo kikuu kilicho umbali wa siku nzima ya safari. "Baba, daktari amesemaje?" Akamjibu, "Amesema watamtuliza." Binti akashusha pumzi, akaendelea na kipimo chake ambacho kisingeweza kuachwa katikati. Siku ya pili jioni mama mdogo akampigia aje upesi. Akafika siku ya tatu saa nane mchana. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi.

Ukoo ukataka maelezo na ukayapata: Bwana Kadi hakuelewa. Lilimnasa neno, maana ikampita kando. Aliyelisema hilo mwanzo ni mama mdogo mwenyewe, mdogo wake marehemu, mshonaji wa nguo, na alilitetea kama wakili aliyelipwa. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakacheka kwa uchungu. Huyu bwana, walisema, nyumba ikimwungulia angeuliza kwanza moto wa namna hii unaitwaje. Wakamsamehe.

Lakini alielewa. Alielewa kila neno la daktari, na siku kumi alizielewa kuliko yote. Akauacha ukoo useme unavyosema, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu tangu siku ile moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Walipompigia simu kwenye warsha kumpa habari, alisema, "Asante kwa taarifa," akafunika kalamu yake. Alizika bila chozi. Siku ya nne baada ya mazishi alikuwa ofisini. Alikula asijue alichokula, akanyoa ndevu shavu moja akatoka hivyo, na watu walipompa pole alijibu, "Nimeshapoa." Hakuwa anajikaza. Kulikuwa hakuna kitu cha kukizuia.

Alichobaki akikitaka ni kimoja tu, nacho alikitaka kwa mbali, kama mtu anayesikia mlango ukigongwa nyumba ya pili: binti yake azungumze naye. Wiki moja baada ya mazishi binti alikwenda kupanga nguo za mama yake, na tangu siku hiyo hakupokea simu ya baba yake wala kumjibu ujumbe. Ukoo ulidhani ana hasira kwamba baba hakuelewa. Bwana Kadi aliogopa kwamba ameshajua. Na sasa ilisikika kwamba binti amepata nafasi katika maabara ya ng'ambo, miaka mitatu, na anaondoka mwezi huo huo.

Hapo ndipo barua ya chuo kikuu ilipofika. Walikuwa wanaanza kozi ya utafiti wa maada za kwanta, wakaomba maneno sitini ya msingi ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asianze na kizunguzungu. Mtaalamu wa kuikalia orodha angekuja kwa siku nne. Bwana Kadi alisoma jina la mtaalamu chini ya barua, akalisoma tena, kisha akaandika pembeni kwa penseli, "Sawa." Lilikuwa jina la binti yake.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye kicheko cha kupasua vikombe, na alijua kwamba baba na binti hawasemezani. Alichofanya ni kuwaketisha uso kwa uso. "Mimi mgongo unaniuma, nitakaa huku dirishani," alisema, akahamisha mafaili yake kabla hajaulizwa. Mgongo haukuwa na neno.

Binti aliingia na begi la kompyuta begani. "Shikamooni," aliwaambia wote kwa mkupuo, na Bwana Kadi akaitikia marahaba pamoja na wenzake, asijue kama na yeye alikuwa amehesabiwa.

"Karibu, Mtaalamu," alisema.

"Asante, Katibu."

Wakaanza. Tusimwonee binti, kazi yake aliijua. Siku ya kwanza walipitisha atomi, elektroni, mkondo, ukinzani, kipitishi na kihami, maneno ambayo shule zilikwisha kuyazoea. Walipofika kwenye fuwele, Bwana Kadi aliuliza kama alivyowauliza wataalamu wote kwa miaka thelathini na mmoja. "Usiniambie linaitwaje. Niambie linafanyaje."

"Fuwele ni atomi zilizojipanga," alisema binti. "Mpango mmoja unaojirudia kila upande. Ukijua kipande kidogo, umejua chote."

"Chumvi?"

"Chumvi. Sukari pia. Sisi tunazikuza kwenye tanuri. Unaliacha tanuri lipoe digrii moja kwa saa, wiki tatu. Ukiliharakisha unapata takataka."

Bwana Kadi akaandika. Alipokuwa akiandika alikuwa salama, na nadhani binti alikuwa hivyo hivyo alipokuwa akieleza. Watu wawili wa damu moja walikaa pande mbili za meza, mmoja akisema na mwingine akiandika, na hakuna aliyemtazama mwenzake juu ya shingo.

Kwanta iliwachukua saa nzima. Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini watu wazima wanakwenda shule miaka ishirini kwa ajili ya kitu kidogo hivyo.

"Chukua ngazi," binti alimwambia. "Unasimama kidato cha kwanza au cha pili. Kidato kimoja na nusu hakipo. Nishati ya elektroni iko hivyo. Inapanda kwa kiasi chake kidogo kabisa, au haipandi."

"Na mimi na uzito huu?"

"Na wewe, mama. Ila vidato vyako vimebanana mno, huvioni."

Mwenyekiti akacheka mpaka akakohoa. Wakamwita mama wa chai, shahidi wao wa siku zote, mwanamke mkavu aliyeingia na birika mkononi na kusikiliza akiwa amesimama. "Kwa hiyo ni kama kununua mayai," alisema. "Nusu yai hakuna." Akaweka birika chini, akatia sahihi, akachukua birika.

Siku ya pili walifika kwenye kitu ambacho ndani hakipitishi umeme hata kidogo, lakini ngozi yake ya juu inapitisha vizuri sana. "Ukikikata katikati," binti alieleza, "ule uso mpya uliotokea nao unapitisha. Ndani hakipitishi kamwe. Juu kinapitisha daima."

"Marehemu mume wangu," alisema Mwenyekiti. "Juu juu, habari za asubuhi, habari za jioni. Ndani, giza la umeme kukatika."

Mama wa chai alicheka, binti alitabasamu, na Bwana Kadi akauliza kama waandike kihami cha ndani au kihami chenye uso hai. Alipoinua kichwa alimkuta binti anamtazama. Lilikuwa tazamo la kupima, la mtu aliyeshika kitu na anajiuliza akiweke au asikiweke. Kisha akageukia kompyuta yake. Bwana Kadi aliliona tazamo hilo, akajua lina jambo, na hakuhisi chochote. Jioni alikwenda nyumbani akala mkate mkavu kwa sababu chai aliisahau jikoni.

Siku ya tatu ikaja ile kadi iliyowasumbua. "Ukikipoza sana," alisema binti, "kinafika halijoto fulani, ukinzani unakwisha. Haupungui, unakwisha ghafla. Hiyo tuiite halijoto ya mgeuko."

"Na mkondo?"

"Ukiuanzisha kwenye pete ya kitu hicho, unazunguka. Mwaka, miaka, bila betri, mradi usikipashe joto. Hakuna kinachousugua."

Bwana Kadi alishika kalamu hewani. Hali hiyo aliijua. Aliamka, akaoga, akapanda ngazi, akajaza kadi, akashuka ngazi, akalala, na hakuna kilichomsugua popote. Miezi minne ya kuzunguka. Alitamani kusema hivyo, kwa sauti, kwa mtu yule aliyekaa mbele yake. Badala yake alisema, "Kipitishi kamili?"

"Kipitishi kamili," binti alikubali.

Lakini mama wa chai alikataa katakata. "Umeme usiopungua? Mnanitania. Mimi hata taa ya chooni ikisahauliwa naambiwa." Binti akaeleza tena kwa pete, kwa baiskeli inayoteremka, kwa maji kwenye bomba. Mama wa chai alitikisa kichwa. "Siwezi kutia sahihi kitu nisichokielewa, mwanangu. Nitasemaje mbele ya watu?" Kadi ikabaki bila shahidi, ikawekwa pembeni kwa kesho.

Kesho yake mama wa chai alipumzika, zamu yake haikuwepo, na dereva alikuwa safarini. Kufika saa tisa maneno hamsini na tisa yalikuwa yamepita. Mwenyekiti aliyakumbatia kwenye faili kuyapeleka kwa mpiga chapa, akasimama mlangoni akiwatazama wale wawili. "Hilo moja mtalimaliza nyinyi," alisema. "Msiniletee na ugomvi." Akaenda.

Kadi ya kipitishi kamili ilikuwa katikati ya meza, mistari mitatu imejaa na mmoja mtupu.

"Hatuna shahidi," alisema Bwana Kadi. "Itabidi isubiri."

"Mimi nasafiri Jumamosi."

"Najua."

"Tia sahihi wewe. Jana uliielewa, nilikuona."

"Kanuni hairuhusu. Anayejaza hajishuhudii."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Binti alifungua mfuko wa pembeni wa begi lake, akatoa kadi nyingine, nyeupe, ngumu, iliyokunjamana pembe, akaiweka juu ya ile ya kwanza na kuisukuma kwa kidole mpaka ikamfikia. Bwana Kadi hakuhitaji kuisoma. Tiba shufaa. Humtuliza mgonjwa maumivu pale ambapo hakuna tena dawa ya kumponya, siku chache. Daktari wa wodi. Na kwenye mstari wa nne, shahidi wa kuelewa, ilikuwepo sahihi. Ilikuwa ya kwake mwenyewe, imenyooka, haina hata mtetemo.

Katika watu wote duniani, ni huyu mmoja tu angeweza kujikamatisha hivyo. Mwongo mwingine angetupa karatasi. Yeye aliambiwa kwamba mkewe anakufa, akajaza fomu mpaka mstari wa mwisho kwa sababu mstari mtupu ulimkera.

"Ulielewa," alisema binti.

"Nilielewa."

"Nilidhani utakataa."

"Nilielewa pale pale, kwenye korido. Nikaona siwezi kukaa pale kitandani nimwangalie anakwisha. Nikaenda."

"Na mimi ukaniambia watamtuliza."

"Ndiyo."

"Ningefika siku moja kabla, Baba." Sauti yake haikupanda. "Kipimo kile kimenipa grafu moja. Siku moja, grafu moja. Ningezungumza naye."

Bwana Kadi alikuwa ameingoja saa hiyo miezi minne, na alidhani ikifika itamuuma. Haikumuuma. Alisikia maneno, akaona ni ya kweli, akayapanga yalivyo. Alijichukia kidogo kwa hilo, lakini hata chuki yenyewe ilikuwa vuguvugu.

"Hii niliikuta ndani ya mkoba wake," binti aliendelea. "Kwenye kifuko cha kitambulisho. Ulimpa wewe?"

"Niliiacha kwenye kabati la pembeni ya kitanda."

"Uliisahau au uliiacha?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui."

"Mwanangu, sijui. Mama yako aliniuliza daktari amesemaje. Nikamwambia amenipa neno zuri, nililitafuta wiki nzima. Nikaiweka kadi pale. Nikachukua begi."

Binti alifunika kompyuta yake polepole. "Kwa hiyo mama aliambiwa na kadi."

"Ndiyo."

Akakaa akiitazama kadi. Alikuwa na macho makavu na yeye, macho ya mtu aliyekwisha kulia yote mahali pengine. "Mama mdogo anagombana na watu kwa ajili yako," alisema. "Juzi amemtoa shangazi nyumbani kwake kwa sababu alikusema vibaya. Anamwambia kila mtu hukuelewa, hukuelewa. Twende sasa hivi ukamwambie mwenyewe kwa mdomo wako. Usipotaka, naondoka hivi hivi, na usinitafute."

Bwana Kadi alisimama, akachukua koti lake. Kadi ya kipitishi kamili aliiacha mezani.

Nyumba ya mama mdogo ilikuwa mitaa mitatu kutoka ofisini, wakatembea. Binti alitangulia hatua mbili. Walikuta mlango wazi, redio inapiga kelele, na mama mdogo ameinamia cherehani, pini mdomoni, magauni ya sare za shule yamerundikana mpaka kwenye kochi. Alipowaona wote wawili pamoja alizitema pini kiganjani na uso wake ukafunguka.

"Shemeji! Na mwanangu! Mmepatana? Sogezeni hayo magauni, kaeni."

"Shemeji, sikai kwanza," alisema Bwana Kadi. "Nimekuja kukwambia jambo. Siku ile hospitali, nilimwelewa daktari. Alinieleza yote nikaelewa, na nikaondoka nikiwa nimeelewa. Umekuwa ukinitetea bure. Samahani."

Alisema yote kwa pumzi moja, kwa sauti ile ile aliyosomea kumbukumbu za vikao. Mama mdogo alizichoma pini moja moja kwenye kifuko chake cha pamba. Hakushtuka. Hakupiga kelele, na yeye ni mtu wa kelele.

"Nani amekwambia wewe?" alimuuliza binti.

Binti akamwonyesha kadi.

"Ah," alisema mama mdogo. "Hii. Niliitafuta niichome, sikuiona." Akavuta stuli, akaketi. "Najua, shemeji. Nilijua tangu siku ya pili. Jioni niliingia wodini nikamkuta dada ameishika. Alisoma mstari wa pili. Akasoma tena. Halafu akafika chini, akacheka. Akaniambia, 'Bwana Kadi amejishuhudia mwenyewe. Amevunja kanuni.' Mimi nilikuwa sielewi kitu, akanieleza kadi zenu zinavyofanya kazi. Akanieleza vizuri, kama anafundisha."

Mama mdogo akamgeukia shemeji yake.

"Nikatoa simu nikupigie. Nilikuwa na matusi tayari, shemeji, nisikufiche. Akaninyang'anya simu. Akasema, 'Mwache. Hawezi kukaa hapa. Mpigie mtoto.' Ndipo nikakupigia wewe, mwanangu. Usiku wake akaniambia, 'Watu wakiuliza, sema hakuelewa. Sema lilimnasa neno. Wote watakubali, wanamjua alivyo. Ukisema alielewa, huyu mtoto hatamsamehe, naye hana mwingine.' Basi nikasema. Nimesema mpaka na mimi nilianza kuamini."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu. "Mama mdogo," alisema. "Mama alimsubiri Baba?"

Mama mdogo alimtazama shemeji yake. Ungeona anavyotafuta njia ya kulikwepa swali, na ungeona anavyoikosa.

"Alimsubiri," alisema. "Alisema mwache, lakini alimsubiri. Kila mlango ulipofunguliwa aligeuza kichwa. Ilikuwa ni muuguzi, ni mfagiaji, ni mimi. Hata asubuhi ya mwisho mlango ulilia, akageuka."

Ndipo kilipofika kilio. Hakikuja kidogo kidogo. Bwana Kadi alikiona kile kichwa chembamba kikigeuka kwenye mto, akauona mlango, akaona anayeingia ni mfagiaji na ndoo yake, na kitu kikampasua kifuani mpaka akatafuta pa kushika. Alikaa juu ya magauni ya watu. Sauti iliyomtoka hakuifahamu, ilikuwa ya juu na mbaya, na aliporudisha pumzi ikamtoka tena. Iliuma. Iliuma mno, miezi minne yote kwa pamoja, na hakuwa na pa kuiandika.

Mama mdogo alinyanyuka kumfuata, binti akamzuia kwa mkono.

Hakumkumbatia baba yake. Alikwenda kwenye kabati, akazima redio, akarudi, akayasogeza magauni upande mmoja na kukaa mwisho wa pili wa kochi, akamwacha alie.